Sura ya Sita: Mbona Anaimba Polepole na Mvua Inakuja?

Mama yule alikuwa akigeuza samaki kwenye karai la mafuta wakati wimbo ulipoanza. Tulikuwa Kawangware, karibu na mahali matatu za 46 hugeuzia, na simu yangu nilikuwa nimeiegemeza ndani ya ndoo tupu ya plastiki ili sauti ijae kidogo. Nyuzi zikadondoka moja moja. Kisha ikaingia sauti ya mwanamume, nyembamba, isiyo na haraka. Mama hakuinua kichwa. Aligeuza ngege wawili, akawasogeza watatu pembeni wachuje mafuta, akasikiliza mpaka kiitikio kikarudi mara ya pili, ndipo akasema, "Huyo anaambia watu mvua inakuja, warudishe ng'ombe nyumbani." Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, kwa uso wa mtu anayetaka kujua bei, "Sasa mbona anaimba polepole hivyo na mvua inakuja?"

Sikuwa na jibu. Wimbo huo, "Kothbiro" wa Ayub Ogada, nimeusikiliza tangu nikiwa mwanafunzi. Nimeusikiliza kwenye basi la usiku la Kisumu, nimeusikiliza wodini nikimlinda mjomba, na siku nyingi nimeusikiliza bila sababu yoyote. Nimesikia ukisifiwa kwa lugha tatu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza alichouliza mama huyu, na mimi ninayejihesabu kuwa msikilizaji swali hilo lilinipita miaka yote. Tangu siku ile nikaanza kutembea na albamu nzima kwenye simu, nikiwachezea watu wa Nairobi kuanzia katikati ya mji hadi upande wa machweo unapoishia, huko Dagoretti na Uthiru. Niliwaomba jambo moja tu: waniambie wanasikia nini.

Albamu yenyewe inaitwa *En Mana Kuoyo*, yaani "ni mchanga tu". Ilitolewa mwaka 1993 na Real World, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1989 na mwanamuziki Peter Gabriel pamoja na wenzake wa tamasha la WOMAD. Ina nyimbo kumi. Ukimwomba Mluo akufasirie majina yake, utadhani anakusimulia siku moja kijijini: "Dala" ni boma, "Chiro" ni soko, "Ondiek" ni fisi. Lakini tangu itoke, wasikilizaji wa Ulaya na Marekani wameisifu kwa maneno ya aina moja. Wanasema inaelea. Wanasema ni muziki wa ndotoni, wa ukungu, uliotoka mahali pasipo na saa. Wengi husema waliposikia "Kothbiro" walilia bila kujua maana ya neno lolote.

Kilio hicho nakiamini, kwa kuwa nimekiona hapa hapa Nairobi. Kuna nyumba ya yoga huko Lavington ambako rafiki yangu alinialika Jumamosi moja. Mwishoni, watu walipokuwa wamelala chali kwenye mikeka, mwalimu akauweka wimbo huo huo. Mwanamke aliyekuwa kando yangu, Mkenya, machozi yalimtiririka kuelekea masikioni na hakuyafuta. Baadaye tulipokuwa tukivaa viatu nilimuuliza alichosikia. Alisema alihisi mtu anamsamehe. Mwalimu akaongeza kwamba wimbo ule ni sala ya kale. Nikamwambia ni wimbo wa kurudisha ng'ombe kabla mvua haijanyesha. Akafikiri, akasema, "Basi hiyo nayo ni sala." Nimelibeba jibu hilo mpaka leo na bado sijapata la kulipinga.

Mwenye sauti hiyo alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akaitwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa watu wa muziki. Alipokuwa na miaka sita hivi walikwenda naye Marekani, Chicago, ambako waliimba nyimbo za Kiluo mbele ya wageni na mtoto akakua akijua kwamba wimbo wa kwao unaweza kusafiri. Aliporudi Kenya aliingia katika Nairobi ya miaka ya 1970, mji uliokuwa umejaa bendi, na huko ndiko alikofunzwa na jukwaa. Mwaka 1979 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band. Bendi hiyo ilipata jina lake kutoka nyumba ya sanaa ya African Heritage iliyokuwa Kenyatta Avenue, iliyoasisiwa mwanzoni mwa muongo huo na Mmarekani Alan Donovan pamoja na Joseph Murumbi, yule aliyekuwa Makamu wa Rais kwa muda mfupi mwaka 1966. Walichotaka vijana wale ni kuziweka ngoma na nyuzi za wazee wetu chumba kimoja na roki na soul, bila upande mmoja kumwomba mwingine radhi.

Mwaka 1986 aliondoka kwenda Uingereza akiwa na nyatiti yake, chombo cha nyuzi cha Waluo. Huko alipiga njiani na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London, watu wakimpita na mabegi yao. Mwaka 1988 akapanda jukwaa la WOMAD huko Cornwall, na kutoka hapo njia ikafunguka hadi Real World. Jina alilopeleka huko lilikuwa Ayub Ogada. Anayesoma Biblia kwa Kiswahili anajua kwamba Job na Ayubu ni mtu mmoja, yule aliyepoteza mifugo yake yote, akaketi majivuni akingoja. Sijui kama aliliwaza hilo alipobadilisha. Mimi huliwaza kila ninapomsikia akiita ng'ombe.

Hapa lazima niseme neno juu ya lile jina jingine, lililowekwa juu ya albamu nzima na watu wasiomjua mwimbaji. Juni 1987, wenye kampuni ndogondogo za santuri walikutana katika baa moja London iitwayo Empress of Russia. Shida yao ilikuwa ya dukani: santuri kutoka Mali, Bulgaria, Pakistan na Zaire hazikuwa na rafu, kwa hiyo mteja hakuzipata na mwenye duka hakuziagiza. Wakakubaliana kuziita zote muziki wa dunia. Lilikuwa jambo la biashara, na kwa biashara lilifaulu. Bila rafu hiyo huenda tusingekuwa na *En Mana Kuoyo* hata kidogo. Lakini rafu humfundisha mtu namna ya kusikiliza. Mteja aliyesimama mbele ya rafu ile alijua kabla ya kununua kwamba anachochukua kimetoka mbali, ni cha kale, na kitamtuliza. Akienda nyumbani ndivyo anavyosikia.

Tazama sasa. "Kothbiro" haikuzaliwa kijijini, wala si ya kale. Ilirekodiwa mwaka 1976 na Black Savage, bendi ya Nairobi ambayo Job Seda alikuwemo. Ilikuwa na magitaa ya umeme. Walioipiga walikuwa vijana wa mjini wenye nywele za wakati wao, wanaosikiliza kila kilichokuja kwa meli na ndege. Wimbo ambao Ulaya iliupokea kama ukungu wa asubuhi ya kwanza ya ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka 17, mdogo kuliko wengi waliokuwa wakiulilia.

Nilipomchezea toleo la Black Savage muuza santuri mmoja pale Kenyatta Market, hakusema kitu mpaka sindano ya mawazo yake ilipofika mwisho. Amekaa na santuri za zamani maisha yake yote, na hupima wimbo kwa vidole vyake juu ya meza. Kisha akaniambia, "Hawa walikuwa wanacheza wakiwa na njaa. Yule wa Uingereza ameshiba upweke." Nikamuuliza ni lipi analolipenda. Akasema la 1976 angelipiga mbele ya watu, la 1993 angelisikiliza duka likishafungwa. Hiyo ndiyo hukumu ya haki kuliko zote nilizokusanya, na nimeiandika kama alivyoitamka.

Sasa niseme kuhusu ile nyatiti, maana wasikilizaji wengi wanaosema albamu inaelea hawajawahi kukaa karibu na chombo hicho. Ni chombo cha nyuzi nane, chenye sanduku la mti lililofunikwa ngozi ya ng'ombe na mikono miwili inayoinuka kubeba mti wa juu. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni uzi wa plastiki wa kuvulia samaki. Wapo wazee wanaosimulia kwamba nne ni za siku za mwanzo za mtoto wa kiume aliyezaliwa na nne ni za siku zake za mwisho baada ya kufa. Mpigaji, jathum, huketi kwenye kigoda kifupi karibu na ardhi. Kwenye dole gumba la mguu huvaa pete nene ya chuma, oduong'o, na kuigonga kwenye ukingo wa chombo ili kuhesabu mwendo. Miguuni hufunga gara, njuga zinazolia kila anapotikisika. Kwa hiyo mtu mmoja anakuwa bendi nzima: vidole vinaimba, chuma kinapiga ngoma, njuga zinajibu, na mdomo unasifu au unasuta. Tena husuta kwa majina. Jathum akikuona umekaa msibani na hukutoa kitu, jina lako litaingia kwenye wimbo kabla jua halijatua.

Hicho ni chombo cha vumbi na watu wengi. Sauti yake haipandi mbinguni, inakwenda chini, unaisikia kwenye nyayo. Waluo wa mjini wanaijua hata wasiomiliki kanda moja ya nyatiti, kwa sababu gitaa la benga lilijifunza kutembea kwake. Msikilize D. O. Misiani na Shirati Jazz, lile gitaa la mbele linalokimbia bila kupumua, na utasikia vidole vya jathum vilivyopewa umeme. Kwa sikio lililokuzwa na mambo hayo, nyatiti ni kitu chenye haraka. Ndiyo maana mama wa Kawangware aliuliza alichouliza. Ng'ombe wako malishoni, wingu limeshuka, na mtu anaimba kana kwamba ana siku nzima.

Kuna mzee anayepiga nyatiti kwenye misiba na harusi, mwenye chumba cha kupanga Kangemi, ambaye nilimtafuta kwa sababu ya swali hilo. Nilimkuta anakaza nyuzi. Alisikiliza "Kothbiro" yote akiwa ameinamisha shingo, mkono wake wa kulia ukichezacheza hewani. Wimbo ulipoisha akasema, "Kijana wangu, mkono ni mzuri sana. Mguu uko wapi?"

Nikamwomba afafanue. Akavaa pete yake ya chuma, akaanza kupiga mwendo ule ule wa vidole, kisha akaleta mguu. Chumba kikajaa. Mtoto wa jirani akaja mlangoni na kuanza kurukaruka. Mzee akautoa mguu, akaacha vidole peke yake, na mtoto akasimama akitutazama. "Umeona?" akaniambia. "Bila mguu mtu anakaa chini anawaza. Huyu alitaka watu wawaze. Si kosa. Lakini huo si muziki wa kuzika mtu." Nilipomwambia kwamba mamilioni ya watu wamelipenda kwa namna hiyo hiyo, hakukasirika. Alisema kila nyumba na kelele zake, na kwamba mtu akipigia watu waliokaa kwenye viti vya safu, wakiwa kimya, hana wa kuzijibu njuga zake.

Nadhani mzee aliligusa jambo lenyewe kuliko wahakiki wote niliowasoma. Wepesi unaosifiwa kwenye albamu ile ni matokeo ya maamuzi: chuma kuachwa, mwendo kupunguzwa, kelele za watu kuondolewa, sauti kusogezwa karibu na sikio la mtu mmoja aliye peke yake chumbani. Real World wana studio zao katika kijiji cha Box, Wiltshire, mahali penye maji na majani mabichi. Alichosikia msikilizaji wa mbali kama roho ya Afrika ni kazi ya mwanamuziki mwenye akili, aliyejua anachopunguza. Ukimwita kiumbe wa ukungu unamnyima sifa ya ufundi wake, na mimi ufundi huo ndio ninaoutetea.

Na sisi wa Nairobi tulisikia nini mwaka ule wa 1993? Kwa sehemu kubwa hatukusikia kitu. Redio ilikuwa KBC. Capital FM, kituo cha kwanza cha binafsi cha FM mjini, kilikuja mwaka 1996. Muziki ulinunuliwa kwa kaseti, nyingi zikiwa zimenakiliwa mitaa ya River Road, na sidii ilikuwa kitu cha wachache wa Westlands na Karen waliokuwa na mashine ya kuichezea. Albamu ya mtoto wa Nairobi ilikuwa ikizungushwa London na Paris wakati mwenye duka la muziki wa hapa hana hata nakala moja ya kumwonyesha mteja. Waliokuwa nayo waliletewa na ndugu au wageni. Jambo hili huniuma, na sitalifunika. Maoni ya wasikilizaji juu ya albamu hii yaliandikwa kwa sehemu kubwa kabla ya watu wenye lugha yake kupata nafasi ya kuisikia.

Ikaja kwetu kwa mlango wa sinema. Filamu ya *The Constant Gardener*, iliyoongozwa na Fernando Meirelles na kupigwa picha humu nchini, hata Kibera, ilitoka mwaka 2005 ikiwa na "Kothbiro" ndani. Niliitazama kwenye sinema moja ya Westlands. Wimbo ulipoingia, mtu safu ya nyuma alinong'ona, "Hiyo ni Kijaluo!" kwa sauti ya mtu aliyeona jirani yake uwanja wa ndege wa ugenini. Wiki zilizofuata wauzaji wa sidii za mkononi walikuwa wakiulizwa ule wimbo wa filamu ya Kibera. Nakala waliyoiuza haikuwa na jina la mwimbaji.

Halafu mara ya pili, Juni 2018, Kanye West akatoa albamu yake *ye*, na katika wimbo "Yikes" kulikuwa na kipande cha "Kothbiro" ya Black Savage. Majina ya Ayub Ogada na Mbarack Achieng' yakaandikwa miongoni mwa watunzi. Mwanafunzi mmoja niliyezungumza naye karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi alinieleza jinsi alivyofika: kutoka kwa Kanye hadi Black Savage, kutoka Black Savage hadi *En Mana Kuoyo*, usiku mmoja, kwa bando ya shilingi 50. Yeye ni Mkikuyu wa Kikuyu mjini, hajui neno la Kiluo. Aliniambia kwamba kilichomshtua ni kuona wimbo una umri wa mamake. "Nilidhani sisi hatukuwa na kitu kama hiki," alisema. Ogada alirudi Kenya mwaka 2007 na kukaa Nyahera, Kisumu, na huko ndiko alikofariki tarehe 1 Februari 2019, miezi minane baada ya wimbo wa Kanye kutoka.

Wasiojua Kiluo walinipa majibu ambayo sikuyatarajia. Askari mlinzi wa usiku huko Kileleshwa, mtu wa Bungoma, alisikiliza nyuzi za mwanzo akasema bila wasiwasi, "Hiyo ni litungu." Nikamwambia ni nyatiti. Akatikisa kichwa kunisahihisha: huyo ni Mbukusu, labda aliolewa na Waluo. Nilimwelewa. Litungu ya Wabukusu, obokano ya Wakisii na nyatiti ni watoto wa tumbo moja, na mtu aliye peke yake langoni saa nane za usiku humsikia wa kwao kwanza. Aliniomba niirudie mara tatu. Alichosema mwishoni ni kwamba babake alikuwa akipiga hivyo, polepole, wageni wakishaondoka. Hapo nikaanza kuwaza kwamba huenda polepole nayo ina mahali pake nyumbani, saa ile ambayo wageni na watafiti hawapo.

Siku ya Jumamosi asubuhi wahudumu wa matatu ya 23 waliniruhusu kuicheza kwenye spika zao tukingoja ijae. Abiria mmoja aliuliza papo hapo, "Dere, nani amekufa?" Mwanamke aliyekaa dirishani akasema waiache iendelee. Konda alisikiliza kwa makini zaidi ya wote, maana muziki ni sehemu ya kazi yake, na akatoa maoni ya kikazi: "Hii ni ya jioni watu wakirudi nyumbani. Asubuhi utawalaza, wapitishwe stage." Nilipomfasiria kwamba ni wimbo wa mvua, akacheka kwa furaha. "Basi mngesema! Mvua ikianza mjini, nauli ya Kangemi inapanda palepale." Nyuma yake mama mwenye kikapu akasema kwa sauti ya chini kwamba mvua ya mwaka 2024 ilimchukulia vitu vyote vya nyumba. Basi likanyamaza, na wimbo ukaendelea. Ng'ombe hakuna tena Waiyaki Way, lakini kila aliyekuwa ndani ya gari lile alikuwa na kitu cha kuwahi kukiingiza ndani.

Kwa miezi kadhaa nilijitengenezea jibu la swali la mama. Jibu langu lilikuwa hili: anaimba polepole kwa sababu mvua hiyo hainyeshi mahali alipo. Mtu aliyezaliwa Mombasa, akalelewa kidogo Chicago, akapigia gitaa Nairobi na nyatiti London, ng'ombe wake wako ndani ya kumbukumbu, na ng'ombe wa kumbukumbu hawakimbizwi. Ni wimbo wa mtu wa mjini tangu mwaka 1976. Kwa hiyo Nairobi, yenye watu waliojaa habari za mvua ya kwao wanazoletewa kwa simu, ndiyo yenye haki ya kwanza ya kuusemea, kuliko nyumba ya yoga na kuliko hata kijiji. Bado naamini hivyo.

Nilirudi Kawangware kumpa jibu langu. Nilimkuta mama anaparua magamba, mikono imejaa, nikamweleza yote: Box, santuri, kumbukumbu, ng'ombe wasiokimbizwa. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Hapana, nyathina," akasema. "Mimi nikikumbuka dala sikumbuki polepole. Nakumbuka haraka. Mtu amepiga simu, nauli haitoshi, basi linaondoka saa mbili usiku, na mtoto anataka karo. Huyo alikuwa na mtu wa kumshikia ng'ombe."

Akasuuza mikono, akaniomba nimwonyeshe majina ya nyimbo nyingine. Alisoma akifuata kwa kidole chenye magamba, akapita "Dala", akapita "Ondiek", akasimama kwenye "Chiro". "Soko," akasema. "Niwekee hiyo." Nikamtumia kwenye simu yake, naye akaizamisha ndani ya ile ile ndoo ya plastiki, akaongeza sauti hadi mwisho, akarudi kwenye karai kwa sababu kulikuwa na wateja wawili wamesimama.